Si Kila Cha Kuchekesha Kinachekesha

Umezuka katika ofisi zetu, na kwa masikitiko hata katika baadhi ya madarasa yetu, mtindo wa kuyachukua maneno yote ya Kiingereza yanayohusu kicheko na kuyapa tafsiri moja tu: "ya kuchekesha". "Funny" ni ya kuchekesha, "comical" ni ya kuchekesha, "humorous" vivyo hivyo, "ridiculous" na "ludicrous" nazo zimo, na "absurd" hutupwa humo humo. Mwenye kufanya hivyo hudhani ameokoa wakati. Kwa hakika amewatia changu, pono na bunju katika pakacha moja, kisha akamkabidhi mwananchi akapike.

Tuanze na "funny", kwa kuwa ndilo linalotumika zaidi na ndilo lenye hila zaidi. Mzizi wake, yaani "fun", mwishoni mwa karne ya 17 ulikuwa na maana ya kuhadaa na kumchezea mtu shere. Maana ya burudani ilikuja baadaye, katika karne ya 18. Ilipofika mwanzoni mwa karne ya 19, neno "funny" lilikuwa limekwisha kupata sura ya pili, nayo ni ya jambo lisilo la kawaida, jambo la kutilia shaka. Sura hizo mbili zinaishi pamoja mpaka leo, na Waingereza wenyewe mara nyingine hulazimika kuulizana ni ipi iliyokusudiwa.

Sasa tutazame hali yetu visiwani. Mgeni aliyeketi mezani Nungwi au Paje akisema kwamba samaki ana ladha "funny", hakusema samaki anachekesha. Anasema anashuku kwamba samaki ameanza kuharibika. Mhudumu akicheka naye kwa adabu, mgeni ataondoka akiamini kwamba amedharauliwa. Hilo ni dogo. Mgonjwa akimwambia muuguzi kwamba kifua chake kinajisikia "funny", analalamikia jambo asiloweza kulieleza, pengine moyo, pengine pumzi. Na muuguzi akitabasamu, zinaweza kupita dakika ambazo ni thamani ya roho ya mtu. Hapa Kiswahili hakina upungufu wowote. Tunasema kitu kina walakini, hakiko sawa, si cha kawaida.

Katika ofisi moja, ambayo si lazima itajwe, ilipokewa barua ya mkaguzi mgeni aliyeandika kwamba hesabu za ushirika fulani "look funny". Karani akaifasiri: hesabu zenu zinachekesha. Wanaushirika waliposomewa walighadhibika, na walikuwa na haki. Kikao kizima kikapita kwa kujadili heshima yao iliyovunjwa, na daftari halikufunguliwa. Lau wangeandikiwa kwamba hesabu zina walakini, mweka hazina angetakiwa kusimama na kueleza. Basi tafsiri ile iliwaudhi watu wema, na kama alikuwapo mwenye makosa, ilimsitiri.

"Ridiculous" na "ludicrous" ni mambo mengine kabisa. La kwanza limetoka katika neno la Kilatini la kucheka, la pili katika neno la mchezo. Mwanzoni mwa karne ya 17 "ludicrous" lilikuwa na maana ya jambo la mchezo tu, lisilo na uzito. Siku hizi yote mawili yamebeba dharau, na mara nyingi hayana kicheko hata kidogo. Mtu husema bei ni "ridiculous" akiwa amekunja uso. Kwa hiyo ofisa anayeandika pembezoni mwa jalada kwamba madai ya fidia ya mikarafuu ya mzee fulani ni "ridiculous" hakuona kichekesho. Ametoa hukumu kwamba madai hayo ni upuuzi na hayastahili kusikilizwa. Kama ndivyo anavyoamini, aiandike hukumu hiyo kwa Kiswahili, aitie saini, na aeleze sababu. Ikiwa anaona haya kumwambia mzee huyo kwa lugha yake kwamba madai yake ni upuuzi, basi asijifiche nyuma ya lugha ya kigeni. Kasumba hii tuliirithi kwa watawala waliokuwa wakimcheka mtu mbele yake kwa maneno asiyoyafahamu.

Ndugu msomaji atauliza: je, Kiswahili kinayo mizani ya kuyapima maneno haya? Kinayo, tena kwetu sisi imo vinywani kila siku. Tunao mzaha, utani, masihara, dhihaka, kejeli, stihizai, kijembe, shere, kituko na kioja, na hakuna mtoto wa Mkunazini au wa Wete anayechanganya kijembe na utani. Aliyepita chuoni atakumbuka zaidi. Masihara limetoka katika mzizi ule ule wa Kiarabu uliomo katika makatazo ya kudharauliana ya aya ya 11 ya Suratul Hujurat. Mzaha una mzizi mwingine, na wanavyuoni waliuruhusu madhali hauna uongo wala maudhi. Mpaka umewekwa katika nia ya mwenye kusema na katika hali ya mwenye kuambiwa.

Inafaa kutaja kwamba Mwingereza Henry Fowler, katika kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza cha mwaka 1926, alichora jedwali la maneno ya jamii hii na kuyatenga kwa vipimo vinavyokaribiana na hivyo: msemaji anakusudia nini, anapita njia gani, na wasikilizaji wake ni akina nani. Kejeli ya kuumiza, kwa mfano, aliipa lengo la kutia uchungu, na hadhira ya mwathirika pamoja na wanaotazama. Nani kati yetu hajaliona hilo barazani?

Kwa mizani hiyo kazi inakuwa nyepesi. "Humorous" ni jambo lenye ucheshi uliokusudiwa, usio na uadui. Asili yake ni neno la Kilatini la umajimaji, kwa sababu matabibu wa kale waliamini kwamba tabia ya mtu hutokana na viowevu vinne vya mwili. Belghamu na safura tunazozitaja sisi zilikuja kwa utabibu huo huo. "Comic" ni la sanaa, la mchezo wa jukwaani. "Comical" ni kituko, aghalabu kisichokusudiwa na mwenyewe. "Witty" ni la mwepesi wa akili na ulimi. "Hilarious" ni la kuvunja mbavu, wala halihitaji maelezo zaidi.

Limebaki "absurd", nalo ndilo la hatari kuliko yote. Katika Kilatini lilihusu sauti iliyotoka nje ya tuni. Wahakiki wa tamthilia wamezoea kuliita ubwege, nami sikubaliani nao, kwa kuwa bwege ni mtu, na hoja haiwezi kuwa bwege. Lakini uzito wake uko mahakamani. Katika shauri la Grey na Pearson la mwaka 1857, Lord Wensleydale alieleza kanuni kwamba maneno ya maandishi yafuatwe katika maana yake ya kawaida, isipokuwa pale yanapoleta "absurdity" au mgongano na sehemu nyingine. Kanuni hiyo imo katika urithi wa sheria zetu. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kimekuwa lugha ya sheria na ya mahakama za Tanzania Bara, na wafasiri wana milima ya kurasa mbele yao. Atakayeandika humo "matokeo ya kuchekesha" atakuwa amempa wakili ruhusa ya kuipinga sheria kwa kuwa imemchekesha. Wanamantiki wanalo neno muhali, nalo linafaa pale hoja inapojipinga yenyewe. Kwa sheria, ningependekeza kwa BAKITA na BAKIZA "matokeo yasiyoingia akilini". Ni marefu, lakini mshitakiwa aliyesimama kizimbani atayaelewa bila ya mkalimani.