Mpeni Kiberiti

Mwaka juzi nilikwenda msibani Muheza, nikalala siku tatu kwa dada yangu, binti wa baba mdogo. Dada huyo ana kijana wa miaka 19, haoni tangu utotoni, na amemaliza kidato cha nne. Anasoma nukta nundu kwa kasi inayoniaibisha mimi na miwani yangu, na ukimchokoza kwa habari za dunia atakufunga mdomo. Asubuhi ya siku ya pili akanijia, akaninong'oneza: "Mjomba, niazime kiberiti, nichemshe maji ya chai." Mkono haujafika mfukoni, nyumba nzima ikapiga kelele. Mama yake katoka uani mbio. Dada mtu kaja na kikombe kilichokwisha kutiwa sukari na kukorogwa. Kijana akapokea, akanywa, akanyamaza.

Ndugu wasomaji, kimya kile ndicho kilichonishikisha kalamu.

Mama yule si mkatili. Kwa miaka 19 ameamka alfajiri kumtekea mwanawe maji ya kuoga, kumchambulia samaki miiba, kumshika mkono mpaka mlango wa choo. Ni mapenzi hayo. Lakini kijana aliyechambuliwa miiba mpaka akaota ndevu, atachambuliwa na nani mama akishatangulia mbele ya haki? Niliuliza pale pale, nikajibiwa kwamba Mungu yupo. Yupo, naam, na ndiye aliyempa kijana yule vidole kumi.

Mtaniambia shule zipo. Zipo, tena za zamani: Thika nchini Kenya tangu 1946, Buigiri kule Dodoma tangu 1950. Zimetutolea walimu na wanasheria, na anayezibeza hajui alisemalo. Ila mtihani wa taifa haumuulizi mtu namna ya kuvuka barabara wala ya kusonga ugali, na kisichoulizwa kwenye mtihani sote twajua kinavyofundishwa. Hata pale mwalimu mwenye moyo anapomfundisha mtoto kufua soksi zake, likizo ikifika mtoto anarudi kwetu, nasi twampokonya beseni.

Wenzetu wamelitazama jambo hili kwa jicho kali zaidi. Katika mji wa Ruston, jimbo la Louisiana nchini Marekani, kuna kituo kilichofunguliwa 1985, nacho kinaongozwa na wasioona wenyewe. Vijana hukaa pale miezi kadhaa. Mwenye uoni hafifu hufunikwa macho wakati wa mafunzo, asije akaegemea kimwanga chake kidogo. Kabla ya kuhitimu, mwanafunzi hupika chakula cha watu 40. Siku nyingine hupakiwa garini, akazungushwa, akashushwa mahali asipopajua, na kutakiwa kurudi mwenyewe. Njiani ana ruhusa ya kumuuliza mtu swali moja tu. Niliposoma hayo mara ya kwanza nilidhani ni mateso. Siku hizi nadhani mateso ni kile kikombe kilichokorogwa.

Mzazi atasema: huko Marekani kuna njia za waenda kwa miguu, hapa kwetu mitaro iko wazi na bodaboda inapita hata barazani. Ni kweli, na halmashauri zinazoacha mitaro bila mifuniko zina la kujibu. Lakini mtaro ulio wazi ni sababu ya kumfundisha mtoto fimbo nyeupe, si sababu ya kumfungia ndani. Fimbo hiyo si alama ya kuombea huruma kila ifikapo siku yake, tarehe 15 Oktoba. Ni chombo cha kazi. Mguu wa kulia ukitangulia, ncha yake iko kushoto, inapapasa pale mguu wa kushoto utakapokanyaga. Kisha inarudi kulia. Mtaro hujulikana kwa fimbo kabla ya kujulikana kwa goti. Changarawe ina mlio wake, lami ina wake, na mwenye sikio lililozoea husikia ukuta ulipo na uchochoro ulipo. Kujifunza hayo kunataka kujikwaa, na kujikwaa ndiko tunakowanyima. Kwa mabinti twazidisha: hofu ya watu wabaya imewafanya wengi wasijue hata duka la jirani. Hofu ina msingi. Lakini je, asiyejua njia ya kukimbilia yuko salama kuliko aijuaye?

Louis Braille, aliyetuachia nukta zile sita, alizaliwa 1809 katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na miaka 3 mtoto alichezea msharasi katika karakana hiyo, ukamchoma jicho. Jeraha likaoza na jicho la pili nalo likapotea. Baba gani asingepiga kufuli karakana? Huyu hakupiga. Alimchongea mwanawe fimbo akamwacha azijue njia za kijiji, na kazi ndogondogo za ngozi akampa. Akiwa na miaka 15 tu kijana yule alikuwa amekwisha kubuni maandishi yake, tena kwa kutoboa karatasi kwa chombo kilicho ndugu wa msharasi.

Sheria yetu Tanzania inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na mbili kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Vizuri sana. Lakini kijana ambaye hajawahi kununua kilo ya sukari peke yake, mkopo wa biashara ataufanyia nini? Atafute kwanza mzee asiyeona aliyezoea soko, amwonyeshe: noti ya elfu moja usiikunje, ya elfu mbili ikunje kwa upana, ya elfu tano kwa urefu, ya elfu kumi mara mbili. Kwa ujuzi huo mzee hadai mshahara mkubwa. Misikiti, makanisa na matawi ya vyama vya wasioona yangeweza kuwakusanya vijana wiki mbili kila likizo, wapike, wafue, waende sokoni, wataniane na rika lao. Gharama yake ni mkaa, sufuria na fimbo chache. Kuna harusi zinazokula zaidi ya hizo kwa usiku mmoja.

Siku ya tatu mama mtu alikwenda makaburini na wenzake. Nilimpa kijana kiberiti, nikakaa mbali kidogo, moyo ukinidunda. Njiti mbili zilikatika, ya tatu ikawasha jiko la mafuta. Maji akayasikiliza mpaka yakachemka. Akamimina kikombe baada ya kikombe bila kumwaga, kwa kusikia tu mlio unavyopanda kadiri kikombe kinavyojaa. Mama aliporudi akapewa chake, akanywa nusu, akakunja uso, akauliza ni nani huyo aliyejaza tangawizi namna ile.