Saa Zinazoibwa Forodhani

Magendo ni haramu, na anayeficha dhahabu ndani ya sanduku ili aikwepe forodha ya India simtetei hata kwa neno moja. Lakini wizi una milango mingi, na uko mmoja ambao wenye kuutenda huvaa sare na kuamkiwa kwa heshima, nao ni wizi wa saa.

Mtazameni abiria ashukaye uwanja wa ndege wa Mumbai Jumatatu saa nne usiku. Aambiwa kwa adabu aketi kidogo, ana maswali mawili matatu ya kujibu. Simu yachukuliwa, pasipoti yatiwa katika mtoto wa meza, na mlangoni asimamishwa mtu. Usiku kucha aandikishwa maelezo. Jumanne saa kumi na mbili jioni ndipo daftari lifunguliwapo na kuandikwa kuwa amekamatwa, na Jumatano saa nane mchana afikishwa kwa hakimu. Karatasini ni saa 20. Mwilini mwake ni saa 40. Haba na haba hujaza kibaba.

Katiba ya India, tangu mwaka 1950, katika kifungu cha 22, yaamuru aliyekamatwa aelezwe sababu, asinyimwe wakili, na afikishwe kwa hakimu kabla ya saa 24, muda wa safari ukitolewa. Na mgeni naye yumo, hata mfanyabiashara wetu wa Kariakoo aliyekwenda kununua vitambaa. Sheria ya Forodha ya mwaka 1962 nayo yataka apelekwe kwa hakimu pasipo kukawizwa bila ya sababu. Na Mahakama Kuu ya Bombay ilikwisha kuamua mwaka 1990, katika shauri la forodha lenyewe, kwamba kukamatwa huanza pale mtu azuiwapo asiende atakako, si pale afisa apendapo kuinua kalamu.

Lakini nanyi ndugu zangu, watu wa busara na imani, mna lenu. Jamaa akizuiwa, mwakimbilia kumtafuta wa kupenyezewa bahasha, hali mwajua mtoa rushwa na mpokeaji wote wamelaaniwa! Mlango wa halali upo: kwa kifungu cha 226 cha Katiba hiyo ya India, ndugu au rafiki aweza kuiomba Mahakama Kuu aliyezuiwa aletwe mbele ya jaji, na aliyemzuia aseme ni kwa sheria gani. Mahakama ya Juu ilipata kuipokea hata barua ya mfungwa ikawa ndiyo ombi. Ila fanyeni hima, kwani hakimu akisha kuamuru kwa sheria mtu awekwe rumande, ombi hilo hulegea. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Na hapa siwezi kuyameza yanayonikereketa: maradhi yetu ya kutia sahihi tusichokisoma. Ungamo mbele ya polisi wa India si ushahidi. Lakini afisa wa forodha, kwa sheria yao, si polisi, na maelezo aliyoyaandika huweza kumgeukia aliyeyatoa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na kalamu ni ulimi usiosahau.

Basi aketishwaye kitini na aulize kwa upole, "Je, nimekamatwa, au naweza kwenda zangu?" Na akiletewa karatasi aitie sahihi, aisome yote, kisha aandike kwanza, kwa mkono wake, saa aliyoketishwa.