Ruta Isifungiwe Kabatini

Shule ikinunua ruta, watu husema, "Sasa tuna intaneti." Mimi naona neno hilo husemwa mapema mno. Ruta ni kile kisanduku kidogo chenye taa, ambacho hupokea mtandao kwa waya au kwa laini ya simu, kisha huugawa kwa mawimbi ya redio kwa kompyuta zilizo karibu. Kazi yake ni kugawa. Ikiwekwa mahali isipoweza kugawa, shule haina intaneti. Ina kisanduku chenye taa.

Sisi wa wilaya ya Kasese twapaswa kulielewa jambo hili upesi. Reli ilifika mjini Kasese mwaka 1956, ikachukua shaba ya Kilembe, lakini haikuendelea mpaka Bwera. Mkulima wa Bwera mwenye magunia yake ya kahawa alibaki na safari ndefu ya barabara kupitia Kikorongo kabla hajaiona stesheni. Kwa hiyo njia yafaa ipimwe pale inapomfikia mtu wa mwisho, si pale inapoanzia.

Naijua shule moja ambayo ruta yake ilifungiwa katika kabati la chuma ofisini, ili isiibwe. Maktaba iko ng'ambo ya uwanja. Wanafunzi waliambiwa kwamba mtandao ni mbovu, nao wakaamini. Lakini chuma huzuia mawimbi ya redio, na kila ukuta mnene wa matofali huyapunguza nguvu. Ubovu ulikuwa katika kabati.

Wengine watasema hili ni jambo dogo. Hapana. Tangu mwaka 2020 mtaala wa sekondari ya chini umebadilika hapa Uganda. Mwanafunzi hutakiwa kufanya miradi na kutafuta habari mwenyewe, na kazi za darasani huchukua asilimia 20 ya alama zake za UCE. Mtihani wa kwanza wa mtaala huo ulifanywa mwaka 2024. Mtoto wa Bwera hupimwa kwa kipimo kile kile cha mtoto wa Kampala mwenye mtandao nyumbani. Tena tukumbuke kwamba shule zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022. Katika muda huo mwenye mtandao alisoma, na asiyekuwa nao alichunga mbuzi.

Basi maoni yangu ni haya.

Kwanza, ruta iwekwe maktaba, juu ukutani, karibu na katikati ya chumba. Ikiwa twaogopa wezi, fundi seremala atengeneze sanduku la mbao lenye matundu ya hewa na kufuli, maana mbao hazizuii mawimbi kama chuma. Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya namna mbili: ya gigahezi 2.4, yafikayo mbali zaidi na kupenya kuta vizuri zaidi, na ya gigahezi 5, yaliyo na kasi zaidi lakini huchoka upesi. Kwa madarasa ya mbali tutumie yale ya kwanza.

Pili, maneno ya siri yaliyotoka kiwandani yabadilishwe siku ile ile ya kuifunga. Yako mawili: la kuingilia mtandao, na la kuingilia mipango ya ruta yenyewe. Watu wengi hubadilisha la kwanza na kulisahau la pili, na huo ni kama kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Ulinzi uwe wa WPA2 au WPA3.

Tatu, pawe na mitandao miwili katika ruta hiyo moja, wa ofisi na wa wanafunzi. Ruta nyingi zaweza kufanya hivyo. Hivyo hofu ya walimu kwamba tutafika kwenye karatasi za mitihani na hesabu za karo itapungua sana.

Nne, tuweke akiba. Ruta yaweza kufanya kazi hata fedha za mtandao zikiisha, kwa sababu hugawa pia vitu vilivyomo katika kompyuta ya hapo hapo shuleni. Kwa programu ya bure iitwayo Kiwix, shule yaweza kuhifadhi Wikipedia nzima na vitabu vingine, na wanafunzi wakavisoma bila kulipa hata senti. Akiba haiozi.

Tano, radi ikianza kunguruma kutoka milima ya Rwenzori, ruta ichomolewe umeme na nyaya zake.

Najua pingamizi kubwa: wanafunzi watatazama mpira na kuacha vitabu. Wako watakaojaribu. Lakini shule iwezayo kupanga ratiba ya chakula, ya sala na ya michezo, haishindwi kupanga ratiba ya kompyuta sita, mwalimu mmoja akisimamia. Uwanja wa mpira haufungwi kwa sababu wako watoro.

Mali ya shule haina budi kulindwa. Lakini kitu kilichonunuliwa ili kigawe, kikilindwa hata kisigawe, kimekwisha kuibwa. Mwenye maoni mengine na aandike, nami nitafurahi kuyasoma.