Mbu Abaki, Virusi Vikome

Chandarua kimeokoa maisha ya watoto wetu wengi dhidi ya malaria, lakini mbele ya dengi hakitoshi. Aedes aegypti, mbu anayeeneza ugonjwa huo, huuma mchana, watu wakiwa sokoni, shuleni na kazini. Dar es Salaam iliuonja uchungu wa mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mombasa nayo inaujua. Ndiyo maana toleo hili linamhusu Wolbachia, bakteria anayeishi ndani ya seli za wadudu wengi.

Aedes aegypti kwa kawaida hana bakteria huyu. Wanasayansi walimtoa kwa inzi wadogo wa matunda, wakamhamishia kwa mbu. Akishatulia humo, virusi vya dengi hupata shida kuzaliana, na uwezo wa mbu kuviambukiza hupungua. Jike humrithisha wanawe kupitia mayai. Dume aliye naye akipandana na jike asiye naye, mayai hayaanguliwi. Hivyo kila kizazi huongeza mbu wenye bakteria.

Ushahidi ulio imara zaidi umetoka Yogyakarta, Indonesia. Mji uligawanywa katika maeneo 24: kura ikayapa 12 mbu wenye Wolbachia, na 12 yakabaki na udhibiti wa kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha dengi imepungua kwa asilimia 77, na wagonjwa wa dengi waliolazwa kwa asilimia 86.

Takwimu hizo zina wenyewe. Mayai ya mbu yaliwekwa kwenye ndoo katika nyua za wakazi, kwa ridhaa yao. Mtu aliyeambiwa miaka yote aangamize mbu, leo akiombwa awalee uani kwake, ana haki ya kuuliza maswali na kujibiwa kwa lugha anayoielewa. Kwa maoni yetu, ridhaa hiyo ni sehemu ya tiba yenyewe.

Hatusemi ya Yogyakarta yahamishwe jinsi yalivyo. Joto kali huweza kumdhoofisha bakteria, na mbu wa pwani yetu wana tabia zao. Lazima wachunguzwe hapa, na watafiti wa hapa. Kumwaga maji yaliyotuama kwenye matairi na madumu kutaendelea kuwa wajibu wetu.

Lakini utafiti na mazungumzo ya mtaani huchukua miaka, na mlipuko haungoji. Halmashauri za miji ya pwani, vyuo vikuu na wizara za afya waanze sasa, na wakazi wawe mezani tangu kikao cha kwanza.