Mizinga Mikubwa Haikuilinda Pemba

Hoja kwamba manowari za kale za kulinda pwani zipimwe kwa ukubwa wa mizinga haisimami Pemba. HMS London ya Waingereza, iliyojengwa kubeba mizinga takriban 90, ilitia nanga Unguja kuanzia 1874 ili kuzuia biashara ya watumwa.

Mizinga hiyo ingelifuata wapi jahazi lililojipenyeza kwenye hori za mikoko zenye kina kifupi? Kazi ilifanywa na mashua zake. Desemba 1881, karibu na Pemba, Kapteni Brownrigg wa manowari hiyo alilisogelea kwa mashua ya mvuke jahazi lenye bendera ya Ufaransa, akitaka kukagua hati tu. Mabaharia wake hawakujiandaa kupigana. Waliokuwa jahazini wakafyatua risasi, wakairukia mashua, kapteni akauawa.

Bunduki chache zilizo tayari zingelifaa zaidi. Wenye hoja hiyo waanze kusoma kina cha maji, ndipo wahesabu mizinga.