Kabla ya kumgombeza mtoto, litazamwe tangi la choo

Saa 12 asubuhi, choo kimoja, watoto watatu wa shule. Wa kwanza anaflashi, wa pili anafuata, anabonyeza, maji yanatoka kiduchu. Mama anakuta uchafu na mtoto anaitwa mvivu. Kumbe alibonyeza.

Tangi zima hujaa kwa dakika mbili au tatu. Likichukua robo saa, kabla ya kumwita fundi (wapo wanaokimbilia kuuza tangi jipya), itazamwe koki ndogo ya ukutani. Mara nyingi iliachwa nusu tangu matengenezo ya mwisho.

Ikiwa imefunguliwa yote, wa kushukiwa ni mchanga. Maji ya bomba yakikatika kisha yakarudi, huja na tope, nalo hukwama kwenye kichujio kidogo cha valvu ya boya, pale mpira wa maji unapoingia tangini. Koki ifungwe, tangi liflashiwe, ndoo iwekwe chini, nati ifunguliwe. Kichujio huvutwa kwa koleo na kusuguliwa kwa mswaki wa zamani. Chumvi iliyoganda hulowekwa kwenye siki.

Kabla ya kurudisha mpira, uelekezwe kwenye ndoo na koki ifunguliwe. Maji yakichuruzika tu, ubaya uko kwenye bomba au tangi la nje limekaa chini mno. Valvu mpya haitasaidia.

Nati ya plastiki ikazwe kwa mkono, isipasuke. Mpaka hapo, ndoo na kopo vikae chooni, na mtoto aonyeshwe namna ya kumwaga.