Muuguzi Naye ni Mzazi

KATIKA kliniki za mama na mtoto kote nchini, muuguzi husimama mbele ya akina mama waliopakata watoto wao akawapa somo lile lile: mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, mpaka atimize miezi sita. Somo hilo ni sahihi, na ndilo ambalo Shirika la Afya Duniani limekuwa likilisisitiza tangu mwaka 2001. Wasilolijua akina mama wale, na ambalo muuguzi hawaambii, ni kwamba huenda yeye mwenyewe amemwacha nyumbani mtoto wa miezi mitatu, ambaye saa ile ile anakorogewa uji mwepesi na msichana wa kazi.

Huo ni mgongano ulio wazi kati ya yale ambayo Taifa linamwagiza mtumishi wa afya awafundishe wananchi, na yale ambayo utaratibu wa kazi unamruhusu kuyatenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni majuma 12. Miezi sita ya somo la kliniki ni majuma 26. Majuma 14 yaliyobaki katikati hayana mwenyewe, na mtoto hunyonya au hanyonyi kwa kadiri orodha ya zamu itakavyotaka.

Haifai kuibeza sheria hiyo. Wazee wa utumishi wanakumbuka kwamba hadi mwaka 1975 likizo ya uzazi yenye malipo ilihesabiwa kuwa haki ya mwanamke mwenye ndoa tu, na kwamba kuifanya kuwa haki ya kila mwanamke mfanyakazi kulipingwa na watu waliojiita walinzi wa maadili. Hatua ile ilikuwa ya kimapinduzi. Lakini sheria iliyotungwa kwa ajili ya wafanyakazi wote inamfaa zaidi mwenye meza na kiti kuliko mwenye wodi.

Mfano ni ruhusa ya kunyonyesha. Sheria inamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe mtoto wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Karani wa masjala huondoka mapema, na majalada humsubiri mpaka kesho bila kulalamika. Muuguzi aliye peke yake katika chumba cha kujifungulia hawezi kumwambia mwenye uchungu asubiri. Tangu ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi mwaka 2007, uliokusudia zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, huduma imewasogelea wananchi. Mtumishi yeye amesogezwa mbali na mama yake mzazi, mama mkwe na shangazi zake, yaani wale ambao tangu enzi za mababu ndio waliompokea mtoto mikononi mama akirudi shambani. Katika zahanati yenye watumishi wawili, mmoja akienda semina, ile ruhusa ya saa mbili hubaki katika karatasi.

Kuhusu usiku, mambo ni ya ajabu zaidi. Sheria hiyo hiyo inakataza mama kupangwa kazi ya usiku katika miezi miwili ya kwanza baada ya kujifungua. Mwenye kuhesabu ataona kasoro mara moja: miezi miwili ni siku 60 hivi, na likizo ni siku 84. Kinga hiyo inamlinda mama wakati ambao bado yuko nyumbani, kisha inakwisha kabla hajarudi kazini. Isipokuwa pale cheti cha daktari kinapoirefusha, siku anaporipoti matroni ana ruhusa kamili ya kumwandika zamu ya usiku. Matroni wenye huruma hawafanyi hivyo, lakini haki ya mfanyakazi haipaswi kutegemea moyo wa mkubwa wake wa kazi.

Je, nani anayabeba majuma hayo 14, na miaka inayofuata? Baba hupewa likizo ya siku 3, ambazo wengine huzimaliza kwa kupokea pongezi. Kwa hiyo mzigo humshukia msichana wa kazi, na hapa ndipo walimu wanapaswa kutega sikio, kwa maana wao humjua kwa jina. Ni yule aliyekaa dawati la nyuma darasa la tano, akaitwa kwenye mahudhurio mara tatu, nne, kisha jina lake likapigwa mstari. Sheria inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, lakini ndani ya ua wa nyumba hakuna mkaguzi wa kazi. Muuguzi anayemchukua si mtu mbaya, mara nyingi humwita mdogo wake na humnunulia nguo za sikukuu. Hata hivyo ukweli ni kwamba huduma ya umma inaendeshwa kwa jasho la mtoto ambaye hayumo katika orodha yoyote ya mishahara. Nchi iliyojifunza tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 kuuita unyonyaji kwa jina lake haiwezi kuuficha huu jikoni kwa watumishi wake.

Wapo watakaosema kwamba aliyechagua kazi ya wito alijua masharti yake, na kwamba mgonjwa ndiye wa kwanza. Ni kweli kwamba mgonjwa ni wa kwanza, na hakuna anayedai wodi iachwe wazi. Bali mgonjwa huyo huyo ndiye anayedhurika muuguzi anapopima dawa huku akiwaza homa ya mtoto aliyemwacha na binti wa miaka 13, au anapoandika barua ya uhamisho ya tatu kwa mwaka.

Dawa ya jambo hili haihitaji kubuniwa upya. Umoja wa Wanawake wa Tanzania uliendesha vituo vya kulelea watoto mchana wakati fedha za Taifa zilikuwa chache kuliko za sasa, na mwaka 1981 ikatungwa sheria mahsusi ya kuvisimamia vituo hivyo, ambayo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Desemba 2021 Serikali ilizindua programu ya Taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Ni ajabu kwamba pamoja na yote hayo, hospitali hujengewa uzio, maegesho ya magari na jengo la utawala, na hakuna anayeuliza mtoto wa muuguzi atalala wapi.

Chumba kimoja safi karibu na wodi, chenye mlezi aliyefunzwa na vitanda vichache, kingeigeuza ile ruhusa ya saa mbili kuwa kitu halisi, kwa kuwa mama angenyonyesha kwa dakika 20 na kurudi kwa mgonjwa wake. Wazazi wanaweza kuchangia chakula, halmashauri ikamlipa mlezi.

Usiku ni mgumu zaidi na haufai kupambwa kwa maneno. Mama akiondolewa zamu ya usiku mpaka mtoto afikishe miezi sita, lazima mwingine aichukue, na wenye watoto wakubwa watanung'unika, wanaume nao. Manung'uniko hayo yatapungua iwapo nyongeza ya kazi ya usiku, ambayo kisheria haipungui asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, italipwa kwa wakati, na iwapo kila mmoja atajua kwamba zamu yake ya kupunguziwa ipo au ilikwisha kuwapo.

Makisio ya halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya Julai. Mkurugenzi asiyejua pa kuanzia anaweza kuwaomba waganga wafawidhi wa wilaya yake orodha ya watumishi wenye watoto wa chini ya miaka miwili, na mbele ya kila jina iandikwe ni nani anayebaki na mtoto huyo na ana umri gani.